Likelemba isimfukuze mama aliyezaa



Tuanze na neno posho. Wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, mfanyakazi wa hapa Musonoi alipata posho ya chakula, nyumba, hospitali na masomo ya watoto. Ndiyo maana hata leo juma lenyewe tunaliita posho. Lakini yote ile ilipitia jina la bwana. Mama aliandikwa kama bibi ya mfanyakazi, akaitwa kwenye foye, ile shule ya wamama, ajifunze kushona. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, mishahara ikaanza kukatika, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka Gécamines kwa ile wanaita kuondoka kwa hiari. Hiari gani, tutaongea siku ingine. Jina la bwana lilipofutwa, vyote vilivyofungwa kwake vilikwenda nalo.

Nani alilisha nyumba? Wamama. Mmoja aliuza mkate, mwingine makala, mwingine akaenda kuosha mawe. Sisi tulioishi Zambia na Angola, tuliporudi, tulikuta watoto wengi wanasoma kwa pesa ya soko.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya kazi ya 2002 inampa mama anayezaa majuma 14 ya mapumziko na theluthi mbili za mshahara. Tangu 2016 sheria ya jamaa haimlazimishi tena aombe ruhusa ya bwana ili afanye kazi. Ni vizuri kabisa. Lakini theluthi mbili za mshahara gani? Mwenye kuuza nyanya hana kontra. Akizaa posho hii, posho inayofuata yuko barabarani, mtoto mgongoni ndani ya vumbi ya malori, kwa sababu likelemba haingoji. Kila mmoja anatoa, mmoja anapokea. Akikosa kutoa, anapoteza zamu yake.

Basi pendekezo letu ni hili: mwanachama akizaa, sanduku la chama limtolee mchango kwa majuma 14, zamu yake ya kupokea ibaki palepale, wala asidaiwe nyuma. Kuna waliouliza, na yule anayezaa kila mara? Sheria ya kazi haimuulizi mama huyu ni mtoto wake wa ngapi. Na sisi tusimuulize.

Marafiki wafadhili, kwa masini za kushona tunashukuru, ila wenye kushona ni wengi kuliko wenye kushonesha. Safari hii tieni ndani ya sanduku.

Na iko mlango mwingine. Sheria ya migodi iliyobadilishwa 2018 inaamuru kila kampuni itoe 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaozunguka mgodi. Wajumbe wetu wadai nyumba ya kulea watoto karibu na soko iandikwe katika hesabu hiyo. Hatuombi zawadi. Barua iko tayari. Kila mama asome, au asomewe, kisha atie sahihi au kidole.