Je, Udereva wa Teksi na Bajaji Una Tija?



Kuanzia Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Miyomboni mjini Iringa, vijana wengi hujipatia riziki kwa usukani. Je, kazi hiyo ina tija? Jibu halimo katika fedha zinazokusanywa, bali katika zinazobaki.

Mathalani, dereva akikusanya shilingi 40,000 kwa siku, akamkabidhi tajiri hesabu ya 20,000 na kununua mafuta ya 12,000, hubakiwa na 8,000 kabla ya kula. Mlima wa Ipogolo nao hula mafuta wakati wa kupanda na breki wakati wa kushuka.

Dereva wa hesabu hujikimu. Mwenye chombo chake hujijenga. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati yake ni ya vikundi vya vijana. Madereva waunde kikundi, wakisajili, kisha wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mkopo ukishapatikana, akiba ya matengenezo, bima na marejesho iwekwe kila siku, kabla ya matumizi mengine.