Mtungi wa Akiba

Mazungumzo ya redioni. Somo: Mathayo 25:1–13

Leo twataka kusema hasa na wale wanaotumwa na makanisa yao kwenda mbali kwa gari: waimbaji, wazee wa kanisa, akina mama wanaotembelea wagonjwa, pamoja na madereva wao. Neno letu ni juu ya mafuta.

Sisi wa Kisii na Nyamira tumezaliwa katika nchi ya vilima yenye watu wengi. Huku kwetu mtu hasafiri mbali kabla ya kuona nyumba, shamba la chai au migomba. Gari likikwama karibu na Keroka au Kebirigo, dereva hajafungua mlango vijana wamekwisha kufika kusukuma. Petroli huuzwa hata kwa chupa kando ya barabara, wanapokaa watu wa bodaboda. Basi tumezoea kusafiri bila akiba. Twatia mafuta kidogo, twaomba, twaondoka. Mazoea hayo ndiyo yaliyotuaibisha.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, tulitoka Nyamira watu tisa kwenda kuwatembelea ndugu upande wa Lolgorien, katika nchi ya Wamaasai. Tuliteremka hadi mjini Kisii, tukapita Kilgoris, kisha tukaiacha barabara kuu. Udongo wetu wa Kisii ni mwekundu, na ukinyeshewa huteleza. Ule wa kule mabondeni ni mweusi, na ukinyeshewa huling'ang'ania gurudumu kama ugali unavyoung'ang'ania mwiko. Gari lilikwenda kwa gia ndogo, magurudumu yakizunguka pale pale. Mafuta tuliyodhani yatatupeleka na kuturudisha yaliisha tukiwa hatujafika.

Mtungi tulikuwa nao, lakini ulikuwa mtungi wa mafuta ya kupikia. Tuliuweka ndani ya gari, chini ya benchi, tukaujaza hadi mdomoni. Jua la mchana lilipouchoma, petroli ilitanuka, kifuniko kikaachia, na mafuta yakamwagika miguuni mwetu. Mama mmoja alishikwa na kizunguzungu kwa ile harufu. Twamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyewasha kiberiti.

Na simu? Tulikuwa nazo tano. Nne zilikuwa zimezimika kwa kupigia picha na kuchezea nyimbo njiani. Ya tano ilikuwa na chaji, lakini bondeni hapakuwa na mtandao. Tena huko nyumbani hakuna aliyejua tulipo, kwa maana tulibadili njia bila kumwambia mtu.

Jua lilipokuwa likitua, mzee mmoja alitujia akikimbia. "Wazee," alisema, "Mungu amewaleta. Binti yangu ana uchungu wa kuzaa tangu jana. Nisaidieni afike hospitali, Kilgoris."

Dereva wetu akainamisha kichwa. "Baba, utusamehe. Gari halina mafuta."

Mzee akalitazama gari, kisha akatutazama sisi. "Gari kubwa hivi?" aliuliza. Hakusema neno jingine, akageuka na kwenda zake.

Walimpakia binti yule kwenye pikipiki, ameshikiliwa na mama yake kwa nyuma, wakaondoka gizani katika matope yale. Sisi tulilala garini. Asubuhi kijana mmoja alituletea lita tano, nasi tukarudi. Baada ya siku mbili tulipata habari kwamba mama na mtoto walikuwa hai. Tulifurahi sana. Lakini, wapendwa, hatukuthubutu kusimama kanisani kuutoa kama ushuhuda wetu. Tulikuwa na gari, na dereva, na viti. Tulichokosa ni lita chache ambazo tungeweza kuzichukua Kisii kwa dakika kumi.

Tangu siku ile twausoma kwa njia nyingine mfano wa wale wasichana kumi wenye taa. Zamani tuliwaona wale watano wapumbavu kuwa ni watu waovu. Sivyo. Walialikwa kama wenzao, taa walikuwa nazo, na bwana arusi walimngoja. Wote kumi walisinzia, wenye busara na wasio na busara. Tofauti yao ilikuwa moja tu: watano walichukua mafuta mengine katika vyombo, watano hawakuchukua. Nasi tuliondoka tukiimba, lakini chombo chetu kilivuja.

Habari ya vyombo ni ya kale hata katika Afrika yetu. Wazee wetu walilijua debe la galoni 4, la bati jembamba. Katika vita vya pili vya dunia majeshi ya Uingereza yalibeba petroli katika madebe ya namna hiyo jangwani Afrika ya Kaskazini, na mafuta mengi yakavuja njiani. Wajerumani walikuwa na mtungi wa chuma wa lita 20, wenye mishikio mitatu na kifuniko kinachobana. Waingereza walipoiteka mitungi hiyo waliipenda, wakaiiga. Nao walikuwa wakimwita Mjerumani kwa utani "Jerry", ndipo tukapata neno jerikeni. Kwa hiyo hata majeshi makubwa yalijifunza kwamba kuwa na mafuta hakutoshi, mtu asipokuwa na chombo cha kuyahifadhi.

Basi, ndugu dereva, sikiliza. Tafuta mtungi wa chuma, au wa plastiki nzito uliotengenezwa kwa ajili ya petroli. Usiujaze hadi mdomoni, acha nafasi, maana petroli hutanuka kwa joto. Unapoujaza, uweke chini ardhini, injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa ukiwa juu ya gari cheche ya umeme inaweza kuruka. Ufunge imara nje ya mahali wanapokaa abiria. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutulia chini ukingoja moto. Usiyanyonye mafuta kwa mdomo. Andika juu ya mtungi kama ni petroli au dizeli. Tena hesabu mafuta yako kwa mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la matope na dharura.

Wala tusiuchezee moto. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka, na watu wakakimbilia kuchota. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wengi walikuwa watu wa kawaida kama sisi, wakishika mitungi mikononi.

Jambo la pili ni njia ya kuita msaada. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji walianzisha kazi ya Madaktari Warukao katika Afrika ya Mashariki. Ndege peke yake isingetosha. Ilibidi hospitali na misheni za mbali ziwe na redio za kuita, ndipo ndege ijue pa kwenda. Leo tuna simu mfukoni, lakini kanuni haijabadilika: asiyeweza kuita hasikiki. Beba simu moja iliyojaa chaji, uizime, isiguswe na mtu wa picha. Beba na betri ya kuichajia. Bondeni mtandao ukikosekana, panda mlimani, nasi watu wa Manga twajua jinsi kilima kinavyoweza kuificha sauti upande mmoja na kuifungua upande wa pili. Simu ikikataa, jaribu ujumbe mfupi, maana mara nyingi huo hupenya. Namba za dharura katika Kenya ni 999 na 112. Kwa wanaokwenda mbali kabisa, viko vifaa vinavyotuma ujumbe kwa njia ya setilaiti. Bei yake si ndogo, lakini makanisa kadhaa yanaweza kununua kimoja na kuazimana.

Na kuna chombo kisichogharimu hata senti moja. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye njia mtakayopita, hesabu ya watu, na saa ya kurudi. Mkibadili njia, mwambieni. Saa hiyo ikipita, naye ajue ampigie nani. Gari likikwama, msitawanyike, kaeni nalo, kwa maana gari huonekana upesi kuliko mtu.

Sasa, wapendwa, tufunge neno letu. Wengine huuliza kwa nini wale wasichana wenye busara hawakuwagawia wenzao. Yako mambo yasiyoazimwa saa ya usiku. Imani ya mke haitiwi katika taa ya mume. Maombi ya mama mzazi hayawezi kuwa toba ya mwanawe. Kila mmoja na ajaze chake mapema, maduka yakiwa wazi.

Lakini twaongeza hili tulilofundishwa na yule mzee. Akiba si ya kujiokoa sisi wenyewe tu. Mwenye kubeba mafuta yanayomtosha yeye peke yake hana jibu mtu anapomjia akikimbia jioni. Tubebe na ya jirani ambaye bado hatujamjua. Na tusiiache akiba ichakae. Petroli ikikaa miezi mingi huharibika, kwa hiyo dereva mwema humimina mtungi katika tangi na kuujaza upya. Ndivyo ilivyokuwa mana jangwani, iliyooza walipoilaza. Maombi ya mwaka jana hayatoshi safari ya mwaka huu.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe mara zote tulipoita uzembe wetu kuwa ni imani. Uwalinde walio njiani usiku huu, na wanawake wanaongoja gari. Utupe vyombo visivyovuja, na mioyo iliyo tayari. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Na kabla hamjalala, nendeni mkautazame mtungi.