Bei ya Sabuni Yetu
Maneno kwa familia zilizohama na viongozi wa mtaa



Tunaanza kwa kuomba radhi. Sisi wa shirika tuliwafundisha akina mama kutengeneza sabuni ya mawese, lakini bei hatukuwafundisha. Tena soda ya kwanza tuliitoa bure. Sabuni ikaingia sokoni kwa faranga 400, na mama wenyeji waliokuwa wakiuza 500 wakarudi nyumbani na mali yao. Ndipo maneno yakaanza kwamba wageni wanaua biashara ya watu. Soda ya bure ilipokwisha, tuliona hata wageni wenyewe hawapati kitu.

Tuhesabu pamoja. Chukueni mfano wa vipande 50. Kama mawese na soda vimenunuliwa faranga 15.000, kila kipande kimekula 300. Ukiuza 400 unarudi na 20.000, unasema umepata 5.000. Lakini pikipiki umelipa 2.000, tikiti ya soko 1.000, glavu na karatasi 2.000. Faida iko wapi? Na siku mbili za kazi yako, nani amezilipa? Vipande vilivyovunjika hatujavitaja. Tena sabuni mbichi ina maji, ikikauka wiki kadhaa uzito unapungua. Anayeipima ikiwa mbichi anamdanganya mteja bila kujua.

Soda inatoka nje, bei yake inafuata dola, na sisi tunauza kwa faranga. Dola ikipanda, hesabuni upya wiki hiyohiyo. Msingoje mtaji uishe.

Kuhusu sabuni mpya, vikundi vingi vinakuja na rangi na marashi. Sisi tunaona ni mapema. Mama mwenye faranga 200 mkononi hawezi kununua kipande cha 500. Mkatieni kidogo, hiyo tayari ni bidhaa mpya. Tengenezeni vipande 10 tu, wapeni mama 5 wenyeji na 5 waliohama, kisha rudini muulize: inatoa povu? inaunguza mikono? Ikiunguza, soda imezidi. Kilo 1 ya mawese inataka soda gramu 130 hivi, kwa mizani, si kwa kijiko. (Na soda ndiyo inatiwa ndani ya maji. Maji juu ya soda yanaruka na kuchoma macho.)

Viongozi, tunawaomba mkae na wauzaji wa pande zote mbili. Hatusemi wote wauze bei moja, soko si jeshi. Tunasema gharama zihesabiwe mbele ya wote, na mawese yanunuliwe pamoja, maana bidoni nyingi kwa safari moja hupunguza pesa ya usafiri kwa mgeni na kwa mwenyeji.

Jumatano tutaleta mizani. Kila kikundi kije na daftari lake na kipande kimoja kilichokauka.