Mgonjwa Mzee Akirudi Nyumbani

(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi, Sitalike)



Katika sherehe kama hii desturi ni kuhesabu magunia ya mahindi na kilo za tumbaku. Hesabu hizo zimepigwa chapa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Tumeomba nafasi tuseme juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari la ghala, ijapokuwa lapunguza mavuno ya wanachama: mzee aliyelazwa hospitali, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani angali mgonjwa.

Wengi wenu mwakumbuka kwamba kabla ya 2012, Mpanda ilipokuwa bado katika Mkoa wa Rukwa, makao ya mkoa yalikuwa Sumbawanga, na mgonjwa aliyepelekwa huko hakuwa na budi kuvuka mbuga ya Katavi. Sasa Katavi ni mkoa, na toka hapa mpaka Mpanda ni kilometa 35 hivi. Kwenda kumekuwa kwepesi. Kurudi ndiko kungali kugumu. Gari humshusha mzee barabarani, upande huu wa daraja la mto Katuma, naye hubebwa na vijana mpaka mlangoni. Vijana huenda zao, na kazi yenyewe ndiyo kwanza yaanza.

Tuchukue kiharusi. Uchunguzi uliofanywa toka 2003 hata 2006 katika wilaya ya Hai na mjini Dar es Salaam ulionyesha kwamba maradhi haya si ya matajiri wa Ulaya peke yao. Dar es Salaam yalionekana kuwa mengi kuliko katika nchi nyingi tajiri. Presha ya damu ni mojawapo ya sababu zake kubwa. Mwenye kiharusi hakai wodini mpaka atembee. Hatari ya kwanza ikipita huruhusiwa, kwa kuwa kitanda chahitajiwa na mwingine, na tangu siku hiyo muuguzi ni binti yake au mkaza mwana.

Mwanachama mmoja, ambaye hatutamtaja, alikabidhiwa mama yake na hospitali moja pamoja na karatasi na mfuko wa vidonge. Hapana aliyemwonyesha namna ya kumgeuza. Yule mama alilazwa chali mchana na usiku, na kabla ya mwezi kwisha nyama ya kiunoni ilikuwa imeoza. Upendo ulikuwapo tele katika nyumba ile. Kilichokosekana ni mafundisho ya nusu saa.

Kwa hiyo twawasihi: msitoke wodini kabla hamjafundishwa, na anayefundishwa awe yule atakayeuguza, si mwanamume aliyekuja kulipa nauli. Mwambieni nesi amgeuze mgonjwa mbele yenu, kisha mgeuze ninyi naye awatazame. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila saa mbili, na visigino, nyonga na kiuno hukaguliwa kila siku. Akila, aketishwe wima, apewe kijiko kidogo, angojewe ameze. Akipaliwa, aachwe kwanza, maana chakula kiingiacho mapafuni huleta homa ya kuua. Mkono uliopooza usivutwe wakati wa kumwinua, kwa kuwa bega huteguka upesi. Na vidonge vya presha haviachwi kwa sababu mzee ajiona mzima. Wako wasemao kwamba ni jini, wakavitupa vidonge. Sisi hatutaki ugomvi na mganga wa mtu yeyote, lakini presha haioni haya mbele ya hirizi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yaeleza kwamba familia ndiyo msingi wa kumtunza mzee. Ni kweli. Lakini tuulizane, familia hiyo ni nani? Mara nyingi ni mwanamke mmoja. Yeye ndiye ageuzaye, afuaye, achotaye maji, na msimu wa kukausha tumbaku ukifika atakiwa pia bani, ambako moto hauachwi usiku. Huwezi kuchochea bani na kumgeuza mgonjwa kwa saa zile zile. Tumbaku ikiungua, deni la pembejeo haliungui nayo.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Msiba ukitokea Sitalike, kabla ya jua kutua tumekwisha kuchanga unga, kuni na fedha. Mzee akiwa hai kitandani miezi minane, twapita tukimsalimu dirishani. Sanda yapatikana siku ile ile. Godoro halipatikani mwaka mzima.

Halmashauri imekubali kwamba hoja mbili zipelekwe kwenye mkutano mkuu ujao. Ya kwanza, kila chama cha msingi kinunue kiti cha magurudumu na godoro nene, viwekwe ghalani na kuazimwa bila malipo kwa nyumba yenye mgonjwa. Ya pili, nyumba hiyo isaidiwe kwa zamu na jirani zake wanachama wakati wa kupalilia na wa kukausha, kila nyumba siku moja, na zamu hizo ziandikwe katika daftari kama yaandikwavyo madeni. Makatibu wa vyama vya msingi wanaombwa kutuletea majina ya nyumba zenye wagonjwa wa namna hii kabla mabani hayajawashwa.