MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI: KUANZA KAZI YA ULINZI WA KOMPYUTA



Anayeanza kazi ya ulinzi wa kompyuta huwa na haraka ya kujua zana: programu ipi izuie virusi, mtambo upi ufunge mlango wa mtandao. Zana hizo hazidharauliwi. Lakini liko suala lililozitangulia, la zamani kuliko kompyuta yenyewe: mtu anajuaje kwamba kilichoandikwa katika daftari ndicho kilichotokea?

Mwezi wa Agosti 1986, katika Maabara ya Lawrence Berkeley, California, Marekani, mtaalamu wa elimu ya nyota, Clifford Stoll, alihamishiwa kitengo cha kompyuta baada ya fedha za utafiti wake kumalizika. Ulinzi haukuwa fani yake. Alipewa jambo dogo: hesabu za matumizi ya kompyuta zilipishana kwa senti 75 za Kimarekani. Alikuwepo mtu aliyetumia mashine kwa sekunde chache tu, na hakuwa na anuani ya kupelekewa hati ya malipo.

Karani mwengine angezilipa senti hizo kutoka mfukoni mwake, hesabu ikafungwa. Stoll alizifuata kwa karibu mwaka mzima, akatega mashine za kuchapa zinakili kila herufi aliyoipiga yule mgeni. Mwaka 1987 polisi wa Ujerumani Magharibi walifika kwa Markus Hess, mjini Hannover. Ikabainika kuwa yeye na wenzake walikuwa wakiwauzia KGB, majasusi wa Kisovieti, walichokipata. Na baadhi ya milango hakuivunja hata kidogo: mashine zilikuwa bado na maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani.

Hata hivyo, shaka ya mlinzi ni ya namna yake. Haimwelekei mtu, huelekea maelezo. Mlinzi anayemshuku kila mwenzake afisini atafichwa kila kitu. Na mtumishi aliyefungua barua ya hadaa asubuhi ataona bora anyamaze hadi jioni. Saa hizo ndizo azitakazo mwizi.

Anayeumia ni mwananchi, ambaye hakumchagua mlinzi wa habari zake. Jina, kiwanja na tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto wake alivitoa kwa kuwa sheria ilimtaka avitoe. Neno la siri likibadilishwa, habari zilizokwisha kutoka hazirudi.

Kwa hivyo mgeni wa kazi hii na aanze kwa kuorodhesha: mashine zilizopo, majina ya waliostaafu ambayo bado yanaweza kufungua mashine hizo, na maneno ya siri yanayotumiwa na watu wawili au zaidi. Nakala za akiba zirejeshwe kwa majaribio, kwani nyengine hugunduliwa kuwa tupu siku ya msiba. Na hitilafu yoyote iandikwe siku ile ile ilipoonekana, pamoja na saa yake.