Usalama Katika Matamasha ya Muziki Jijini Kampala: Hotuba kwa Wakazi wa Mipakani



Nitazungumza kwa Kiswahili, lugha ambayo Baraza la Mawaziri la Uganda liliikubali mwaka 2022 kuwa lugha rasmi. Nyinyi wa Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe hamkuingoja idhini hiyo, kwa maana mmeuziana na kuoana kwa lugha hii miaka mingi.

Nimekuja kuzungumza juu ya vijana wetu wanaopanda basi kwenda Kampala kusikiliza muziki. Sikuja kuwakataza. Kijana kupenda ngoma si kosa la jinai. Nimekuja kwa sababu ya usiku mmoja ambao haupaswi kusahaulika.

Usiku wa kuukaribisha mwaka 2023, umati ulikusanyika katika jengo la Freedom City, kando ya barabara ya Entebbe. Kwa mujibu wa taarifa ya polisi, ilipofika saa sita za usiku mshereheshaji aliwahimiza watu watoke nje kutazama fataki. Fataki zilipokwisha, watu walisongamana katika njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walipoteza maisha, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Mwandaaji wa tamasha alifikishwa mahakamani. Hapakuwa na bomu wala silaha. Kilichoua ni wingi wa watu mahali padogo.

Wengi hudhani kwamba katika msongamano mtu hufa kwa kukanyagwa. Mara nyingi sivyo. Mtu hufa akiwa wima, kifua kimebanwa pande zote hata mapafu hayawezi kutanuka. Hivyo ndivyo walivyokufa wengi huko Seoul, Korea Kusini, mwezi Oktoba 2022, katika kichochoro kimoja chenye mteremko. Watu 159 waliangamia. Watu wakizidi watano au sita katika eneo la mita moja mraba, umati huenda kama maji ya mto, na hakuna mwenye nguvu za kuuzuia, hata awe bondia.

Basi dalili ya hatari ni hii: ukiona umeguswa mabega yote mawili na huwezi kuinua mkono ukajikuna usoni, ondoka wakati huohuo, kabla wimbo unaoupenda haujapigwa. Ukichelewa, ikunje mikono yako mbele ya kifua kama mpigana ngumi, ili upate nafasi ya kupumua. Usishindane na msukumo. Subiri utulie kidogo, kisha sogea kimshazari kuelekea pembeni. Jiepushe na ukuta, nguzo na uzio, kwa kuwa hapo ndipo watu hubanwa zaidi. Usipige kelele bila sababu, maana pumzi ni mali. Simu ikianguka, iache. Narudia kwa ajili ya vijana: simu ikianguka, iache. Ukianguka wewe na kushindwa kuinuka, lala ubavu, jikunje, funika kichwa kwa mikono. Na mara tu unapoingia ukumbini, kabla ya kutafuta kinywaji, tafuta milango yote ya kutokea. Mlango ulioingilia huenda ukawa mbaya kuliko yote wakati wa kutoka, kwa sababu kila mtu anaukumbuka huo huo.

Watu hulalamika kwamba ukaguzi langoni unachelewesha. Tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, walilipuliwa kwa mabomu, na zaidi ya 70 wakafa. Ndiyo sababu tunakagua. Lakini mwanamke ana haki ya kukaguliwa na mwanamke mwenzake, tena kwa staha. Akinyimwa haki hiyo na aidai.

Kuhusu vinywaji, sitasema mengi: usikiache chako mezani, wala usipokee kilichofunguliwa usipoona. Mwenzako akilegea ghafla baada ya kunywa kidogo, usimwache alale peke yake, na usikubali mtu msiyemjua ajitolee kumpeleka nyumbani. Akidhulumiwa kimwili, afike hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa katika muda huo tu. Matibabu yasisubiri karatasi ya polisi. Nguo alizovaa zisifuliwe.

Najua kwamba aliyetoka mbali huogopa kituo cha polisi kuliko mwizi. Chukua kitambulisho chako, na nakala yake uiache nyumbani. Mtu akikamatwa, sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Na dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi moja. Anayekudai fedha kwa ajili yake anavunja sheria, hata akiwa amevaa sare kama yangu. Wakati wa dharura, piga 999 au 112, na utaje jambo linaloonekana: kanisa, kituo cha mafuta, bango. Kusema "niko Kampala" hakumsaidii askari.

Neno langu la mwisho ni kwa wazazi. Kijana anapoondoka, mpige picha akiwa amevaa nguo za safari, na uandike jina la tamasha, basi alilopanda na namba za simu za wenzake wawili. Asiporudi na simu yake ikawa kimya, usifunge safari ya kilomita 200 kumtafuta kwa kubahatisha. Nenda kwanza katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe ukiwa na picha hiyo, uombe wenzetu wa Kampala waulizwe: vituoni, katika wodi za Mulago, na, Mungu apishe mbali, katika chumba cha maiti. Mzazi mwenye picha ya jana hutusaidia kuliko mwenye picha ya shule ya miaka mitano iliyopita.

Sasa niko tayari kupokea maswali, nikianza na mama zetu walioketi nyuma.