Vijana Wetu na Mawazo Yanayoegemea Upande Mmoja

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi. Katibu ameomba yapigwe chapa katika karatasi hii kwa faida ya wanachama waliokuwa zamu siku hiyo.)



Mkutano uliopita ulituagiza sisi watatu wa kamati tutafute habari juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi za watu wa relwe. Nalo ni hili: vijana wetu wanakaa kimya, hawali, hawalali, hawataki kutoka nje, na wakiulizwa wana nini hujibu neno moja tu, "Nina mawazo." Tumewauliza wauguzi, tumesoma, na zaidi ya yote tumewasikiliza vijana wenyewe. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tulitazame hilo neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu, ukisema mtu ana mawazo, hakuna anayedhani kwamba unamsifu kwa akili zake. Watu huelewa ya kuwa ana huzuni. Lugha yetu ilijua zamani kwamba huzuni na fikira hulala nyumba moja. Huko Zimbabwe Washona nao wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, nao hulitumia kwa taabu hiyo hiyo. Basi jambo hili si ugonjwa wa Wazungu, kama wengine wasemavyo.

Aliyelichunguza kwa bidii ni daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck, mtoto wa mpiga chapa, aliyefanya kazi katika mji wa Philadelphia. Madaktari wengi wa wakati wake waliamini ya kuwa huzuni kubwa ni hasira iliyofichwa, ambayo mgonjwa amejigeuzia mwenyewe. Beck naye aliamini hivyo, akataka kuthibitisha. Lakini alipowasikiliza wagonjwa alikuta jambo jingine. Kabla huzuni haijaja, fikira fupi hupita kichwani upesi sana, kama gari la moshi lisilosimama stesheni ndogo: umeyaona mabehewa, lakini hukusoma maandishi yake. Na fikira hizo zote ziliegemea upande mmoja. Mimi sifai. Watu hawanitaki. Kesho haina heri. Beck aliandika kitabu juu ya hayo mwaka 1967, na hakuiacha kazi hiyo mpaka uzee wake. Alifariki mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 100.

Wale waliofanya kazi katika ofisi ya vifurushi wataelewa upesi. Mizani isiporudi kwenye sifuri kabla ya kupima, kila kifurushi kitasoma uzito usio wake. Kifurushi hakina kosa. Karani naye si mwizi, maana anaandika kile anachokiona. Kijana mwenye huzuni ni kama karani huyo. Hasemi uwongo, anasoma mizani yake kwa uaminifu, na mizani ndiyo isiyo sawa. Kwa hiyo ukimwambia, "Acha upuzi, mbona huna shida," hatakuamini, kwa kuwa namba anaiona kwa macho yake mwenyewe.

Chukueni kijana aliyeandikwa kazi ya muda, yuko katika miezi mitatu ya majaribio. Asubuhi msimamizi anapita karakana upesi bila kumwamkia. Kijana anasema moyoni, "Amenichukia, mwisho wa mwezi nitaachishwa." Sasa tuhesabu. Jambo lililotokea ni moja tu, mtu amepita bila salamu. Chuki na kuachishwa kazi kijana ameviongeza mwenyewe. Mchana hali chakula na wenzake. Kazi asiyoielewa haulizi, asije akaonekana mjinga. Na kwa sababu hakuuliza, anafunga nati vibaya, na sasa msimamizi anamtazama kweli. Jioni kijana asema, "Si nilijua?" Fikira ilikuwa ya uwongo saa mbili asubuhi, na kufika saa kumi imekwisha kujitafutia ushahidi. Na yule msimamizi, kama angeulizwa, huenda alikuwa anakimbilia simu, ama tumbo lilikuwa linamwuma.

Jambo la pili ni mtihani, na hapa twataka kukaa kidogo, maana nyumba nyingi zimelia.

Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 watahiniwa walizidi 960,000. Waliopata C+ na zaidi, ile alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa kama 246,000. Yaani katika kila watoto wanne alifika mmoja, na watatu hawakufika. Lakini wote wanne walikuwa wameambiwa tangu utotoni kwamba alama hiyo ndiyo maisha. Basi msichana aliyepata D+ hasemi, "Nimepata D+ mwaka huu." Asema, "Mimi ni D+." Alama ya karatasi imekuwa jina lake. Halafu fikira yavuta fikira: kila ninachokigusa kitaharibika, mama aliuza ng'ombe bure, heri nisingezaliwa. Mtoto huyo huyo ndiye anayemlea mdogo wake, anaimba kwaya, na ndiye anayemwandikia nyanya barua za hospitali. Hayo yote mizani yake haiyapimi kabisa. Yanaanguka chini kama mchanga.

Nasi twasema bila kuficha kwamba fikira hizo hazikuota zenyewe. Mtoto huyo amesikia wakati wa chakula, mwaka baada ya mwaka, "Ukianguka utakuja kubeba mizigo kama mimi." Mzazi alitaka kumtia bidii, hilo twalijua. Lakini mtoto alisikia mambo mawili: ya kwamba kuna mlango mmoja tu wa maisha, na ya kwamba baba yake abebaye mizigo si kitu. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kunyamaza hapo. Mizigo hiyo ndiyo iliyomlisha mtoto na kumnunulia kalamu. Mfanya kazi anayejitukana mbele ya watoto wake anawafundisha kupima watu kwa mizani mbovu, kisha siku moja mtoto hujipanda mwenyewe juu ya mizani ile ile.

Mtasema, hata wazee hufikiri vibaya. Ni kweli. Lakini kijana yuko katika hatari zaidi. Shirika la Afya Duniani lasema kijana mmoja katika kila saba, wa umri wa miaka 10 hadi 19, ana taabu ya akili ya namna moja ama nyingine. Wataalamu waeleza ya kuwa ubongo haukomai mpaka mtu apite miaka ishirini na kitu, na ile sehemu ya nyuma ya paji la uso, inayopima mambo na kungoja, ndiyo ya mwisho kukomaa. Nasi twaongeza letu. Mtu wa miaka hamsini amehamishwa Voi, akahamishwa Nakuru, amenyimwa cheo mara mbili, amezika, amekopa na amelipa. Akipata pigo jipya, analo la zamani la kulinganisha nalo. Kijana ana mtihani mmoja tu na mchumba mmoja tu. Akivikosa hivyo, kwake ni kama dunia yote imekwisha. Tena mkononi ana simu inayomwonyesha sherehe za wenzake, wala haimwonyeshi madeni yao.

Mwanachama mmoja alituuliza swali kali tulipokuwa tukitafuta habari hizi. Alisema, "Je, mwataka kutuambia ya kuwa njaa ni fikira?" Hapana, ndugu. Mwajiri akichelewesha mshahara hapana fikira ya kunyoosha hapo, ila kuna barua ya kuandika na meza ya kukalia. Mtu yeyote akija na somo hili kuwaambia vibarua waridhike na kidogo walicho nacho, mfukuzeni. Lakini tazameni tofauti. "Sina kazi" ni habari. "Sitapata kazi kamwe kwa sababu mimi si mtu" ni fikira. Ile ya kwanza chama chaweza kuishughulikia. Ya pili inamzuia kijana hata kuandika barua ya kuomba kazi. Na mwenye fikira hiyo haji mkutanoni, hapigi kura, hadai haki yake, maana ameshaamua kwamba hana haki ya kudai. Wenye kutunyonya hawahitaji kumfunga mtu kama huyo.

Tena jambo hili hupita njia mbili. Fikira huleta huzuni, na huzuni nayo, pamoja na njaa na kukosa usingizi, huzidi kuipinda mizani. Sisi tuliosoma shule za misheni twamkumbuka nabii Eliya. Alikuwa ametoka kushinda shindano kubwa, halafu akatishwa na malkia Yezebeli, akakimbia jangwani, akaketi chini ya mti akaomba afe. Hoja yake ilikuwa kwamba amebaki peke yake. Hakuhubiriwa kwanza. Alilala, akaamshwa akapewa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala tena. Baadaye sana, alipokwisha kupata nguvu, ndipo alipoambiwa hesabu: wamebaki watu 7,000 wasiomsujudia Baali. Yeye alihesabu mmoja. Na baada ya hapo akapewa kazi, na kijana wa kufuatana naye. Wazazi wengi huanza na mahubiri, na mkate haufiki.

Je, mtu asiye daktari aweza kusaidia? Aweza. Huko Harare, katika mtaa wa Mbare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi 14 wa mtaani, wakakaa kwenye mabenchi ya mbao karibu na zahanati kuzungumza na wenye kufungisisa. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 573 yalitangazwa: baada ya miezi sita, waliokaa na akina bibi walikuwa na nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Na hapa Kenya kuna kazi inayoitwa Shamiri. Vijana waliomaliza shule ya sekondari, si madaktari, walikutana na wanafunzi mara nne tu, saa moja kila juma, wakazungumza juu ya namna mtu anavyoweza kukua na kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo kila mmoja anayathamini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, wa wanafunzi 413, ulionyesha kwamba huzuni na wasiwasi vilipungua kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa namna ya kusoma tu.

Namna ya kuzungumza si ngumu, ila yataka subira. Usimwambie kijana, "Acha kuwaza." Hakuna aliyewahi kuacha kuwaza kwa amri. Mwulize, "Umeona nini, na umeongeza nini?" Mpe karatasi aipige mstari katikati, upande mmoja aandike habari, upande wa pili fikira. Mwulize pia, "Rafiki yako angepatwa na hili, ungemwambiaje?" Mara nyingi atampa rafiki hukumu ya haki, ambayo amejinyima mwenyewe. Tena usimsukume aseme kwamba yote ni mema. Fikira ya kwamba mambo yote yatakuwa sawa tu, nayo imeegemea upande mmoja.

Sasa jambo zito. Kijana akisema amechoka kuishi, ama akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, mwulizeni wazi kama anafikiri kujiua. Watu huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Wachunguzi wameona si hivyo; wengi hupumua wanapoulizwa. Asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wala msiogope polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa ajili hiyo nyumba nyingi zilificha wagonjwa wao. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapinga Katiba. Jina la Mathari nalo tuliache kulifanya tusi karakana. Hospitali ile imetibu watu tangu mwaka 1910, na baadhi yao ni jamaa zetu.

Kamati ya tawi imekubali mambo haya. Kila Jumamosi alasiri ofisi ya chama itakuwa wazi kwa vijana wa wanachama na kwa vibarua wote, wawe wamelipa ada au hawajalipa. Watakaa hapo wanachama wawili wazima, mmoja mwanamke, ambao muuguzi wa hospitali amekubali kuwafundisha, na atakayekuwa mgonjwa zaidi ya uwezo wao watamsindikiza kwake. Majina hayataandikwa katika kitabu cha tawi. Matokeo ya mtihani yatakapotangazwa, ofisi itafunguliwa siku tatu mfululizo, asubuhi hadi jioni, kutakuwa na chai na mkate, na hakuna atakayemwuliza mtoto alama mlangoni. Asiyetaka kuonekana aandike karatasi bila jina, aitie katika sanduku la karani. Akina mama wanaoweza kusaidia kupika chai wajiandikishe kwa mweka hazina leo kabla hawajatoka.